Kugawa saa za grupu: shajara ya mradi wa vinu vya Katuba

Jumatatu

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye lupangu moja la komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, kuna vinu vitatu vya kusaga mahindi. Kila kimoja kina mwenyewe, na wote watatu wanategemea grupu moja ya mazutu (jenereta ya dizeli) delestaji, yaani mgao wa umeme, inapoanza. Mwisho wa mwezi bili ya mazutu inagawanywa sawa kwa sawa, na kila mwisho wa mwezi maneno yanazuka. Kinu cha mlango wa bluu husaga hadi alfajiri, cha kijani hufunga mapema jioni, na mwenye kijani anauliza kwa nini alipe mazutu yaliyochomwa yeye akiwa amelala. Swali lake ni la haki kabisa.

Kila kinu sasa kimefungwa kijisanduku chenye betri yake na laini ya simu. Hali ikibadilika, kinatuma mstari mmoja: kinu gani, hali gani (umeme, grupu au kimya), wakati gani. Mistari inaingia kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, jedwali `matukio`, safu tatu tu. Ninachotakiwa kutoa ni saa za grupu za kila kinu kwa kila siku, jumla ya mwezi, na mgawo wa bili.

Nitaandika hapa kila uamuzi wa hesabu. Nyuma ya kila tarakimu kuna pesa ya mtu, na atakayeuliza "hizi saa mmezitoa wapi?" lazima apate jibu.

Jumatatu, jioni

Ndani ya jedwali hamna muda, kuna nyakati tu. Mstari unasema grupu ilianza 18:05, hausemi ilizimwa lini. Mwisho wa kipindi ni tukio linalofuata la kinu kile kile, na kazi ya kulichungulia tukio linalofuata ni ya `lead`:

```sql
CREATE VIEW vipindi AS
SELECT kinu, hali,
       wakati AS mwanzo,
       lead(wakati) OVER (PARTITION BY kinu ORDER BY wakati) AS mwisho
FROM matukio;
```

Utaratibu una uzito hapa: `lead` kwanza, kuchuja baadaye. Ukiweka `WHERE hali = 'grupu'` ndani ya ulizo hili hili (amri ya kusoma hifadhidata), "tukio linalofuata" linakuwa grupu ya kesho yake, na kipindi cha saa tatu kinageuka kuwa cha mchana na usiku mzima. Kuchuja mwezi mapema nako kuna hasara yake: grupu iliyowashwa tarehe 28 Februari usiku ikavuka kuingia Machi haionekani kabisa ukianza kusoma kutoka tarehe 1.

Kipindi ambacho bado kinaendelea kina mwisho mtupu. Kwenye ukurasa wa leo nakifunga kwa `coalesce(mwisho, now())`, yaani mwisho ukiwa mtupu chukua saa ya sasa, ili wenyewe waone saa zinavyopanda. Kwenye bili hakiingii mpaka kiishe.

Jumatano

Leo ni saa, na hapa nataka kukaa kidogo.

Safu ya `wakati` ni ya aina ya `timestamptz`. Wengi hudhani aina hii inahifadhi ukanda wa saa pamoja na wakati. Haihifadhi. Inaweka nukta moja ya wakati kwa UTC (saa ya kimataifa), halafu inaionyesha kwa ukanda wa anayeuliza. Lubumbashi tuko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa wako saa moja mbele, na seva tuliyokodi inatumia UTC yenyewe.

Nimechukua ulizo moja, `date_trunc('day', wakati)`, inayorudisha wakati kwenye mwanzo wa siku yake, na jumla, nikaliendesha kwa kanda hizo tatu bila kubadili kitu kingine. Majibu matatu kutoka mistari ile ile. Kwa UTC, siku inaanza saa 02:00 ya Lubumbashi, kwa hiyo kila kilichotokea kati ya 00:00 na 02:00 yetu kinaandikwa jana. Ofisi inayofungwa jioni isingeona tofauti. Kwenye lupangu hili kinu cha bluu kiko katikati ya kazi saa hizo, na ndicho kinachogombewa.

Basi ukanda unatajwa ndani ya ulizo, hauachwi kwa mpangilio wa seva wala wa kompyuta ya anayesoma:

```sql
date_trunc('day', wakati AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi')
```

Mwenzangu aliuliza kwa nini nisiandike `'UTC+2'`, ni fupi. Ni kwa sababu PostgreSQL husoma maandishi ya namna hiyo kwa desturi ya POSIX (kanuni za mifumo ya Unix), ambayo alama ya kujumlisha ni upande wa magharibi. `'UTC+2'` ingetupeleka saa mbili nyuma ya UTC, katikati ya Atlantiki, na jumla zingepishana saa nne na ukweli wa hapa. Hakuna onyo lolote linalotokea. Jina la mji halina utata huo.

Kitu kimoja kinaturahisishia: Kongo haisogezi saa kwa majira, kila siku yetu ina saa 24. Anayehesabu kwa ukanda wa Brussels alikuwa na siku ya saa 23 tarehe 30 Machi 2025, na Oktoba alikuwa na ya saa 25. Kwa hiyo hata sisi hatugawi kwa sekunde 86.400 kana kwamba ndiyo siku. Tunasema `interval '1 day'` na kuacha hifadhidata ijue.

Alhamisi

Vipindi vinavyovuka usiku wa manane. Mfano halisi wa umbo: grupu imewashwa Jumanne 21:40, imezimwa Jumatano 03:10. Ni saa 5 na dakika 30. Ukipanga makundi kwa siku ya mwanzo, Jumanne inabeba zote na Jumatano inabaki safi. Ukifanya hivyo kwa mwezi mzima utafika siku yenye saa zaidi ya 24 kwa kinu kimoja, na mwenye kinu atakuwa na haki ya kuitupa karatasi yako.

Kilichobaki ni kukata. Natengeneza orodha ya siku, kila siku na mipaka yake, naiunganisha na kila kipindi kinachoigusa, halafu nachukua kipande kilichomo ndani tu:

```sql
WITH siku AS (
  SELECT s::date AS siku,
         s AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi' AS kuanzia,
         (s + interval '1 day') AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi' AS hadi
  FROM generate_series(timestamp '2025-03-01',
                       timestamp '2025-03-31',
                       interval '1 day') AS s
)
SELECT d.siku, v.kinu,
       sum(least(v.mwisho, d.hadi)
           - greatest(v.mwanzo, d.kuanzia)) AS muda
FROM siku d
JOIN vipindi v
  ON v.mwanzo < d.hadi AND v.mwisho > d.kuanzia
WHERE v.hali = 'grupu'
GROUP BY d.siku, v.kinu;
```

Jumanne inapata 2:20, Jumatano 3:10. Ukijumlisha, 5:30 imerudi.

Angalia alama za ulinganisho. Siku inaanza kwenye mpaka wake wa kwanza na kuishia *kabla* ya mpaka wa pili, ili nukta ya 00:00 iwe ya siku moja tu. `BETWEEN` inahesabu ncha zote mbili, na `BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31'` ina ubaya mwingine: inaishia tarehe 31 saa 00:00, siku nzima ya mwisho inakosekana. Siitumii kwenye nyakati kamwe.

Ijumaa

Nimekwenda Katuba na karatasi ya jaribio. Mama anayesimamia kinu cha bluu aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata tarehe, akasimama kwenye Jumatano.

"Papa, hii saa tatu ya Jumatano ni ya nani? Jumatano mchana tulikuwa na umeme."

Nikamweleza: grupu ya Jumanne usiku, imevuka saa sita usiku.

"Hapana. Bya usiku ni bya ule alifungula mangaribi."

Akanionyesha daftari. Zamu zao ni mbili: ya mchana kuanzia 6h00 hadi 18h00, na ya usiku kuanzia 18h00 hadi 6h00. Msagaji wa usiku anapokea mahindi jioni, anahesabu meka zilizoingia, anakabidhi pesa asubuhi, na ukurasa wake wote una tarehe ya jioni aliyofungua. Saa sita usiku haigawi chochote kwao. Hakuna anayekabidhi, hakuna anayefunga daftari.

Yuko sawa, na daftari lake lina miaka mingi kuliko kijisanduku changu. Siku ya mradi huu inaanza 06:00. Kwenye orodha ya siku ni suala la kuanzisha mfululizo kwenye `timestamp '2025-03-01 06:00'` na kuumaliza kwenye `timestamp '2025-03-31 06:00'`. Kwenye tukio moja moja, unatoa muda wa saa sita kwanza, kisha unakata:

```sql
date_trunc('day',
  (wakati AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi') - interval '6 hours')
```

Mwezi nao unafuata: Machi ya bili inaisha tarehe 1 Aprili saa 06:00. Nimewauliza wenye vinu wote watatu, wamekubali, na nimeliandika juu ya karatasi ya ripoti ili anayekuja kesho asilazimike kukisia.

Jumatatu, wiki ya pili

Kutokuwa na mstari si sawa na sifuri. Kinu chekundu kina siku ambazo hazionekani kwenye jibu kabisa. Ama hawakutumia grupu, ama kijisanduku kilikuwa kimezimika. Kwa mwenye kulipa, hayo ni mambo mawili mbalimbali.

`LEFT JOIN` kutoka orodha ya siku inarudisha siku zote, na `coalesce(muda, '0')` ingejaza sifuri kila penye utupu. Ndiyo mkato ambao kila mtu anaufundisha, na hapa ungemwonea mtu. Tuseme siku nne zina saa 6, 8, tupu, na 10. `avg` inaruka utupu na kusema 8. Ukijaza sifuri, inasema 6. Ipi ni kweli inategemea kama kijisanduku kilikuwa macho.

Kwa hiyo kila kijisanduku sasa kinatuma salamu kila robo saa hata kama hakuna kilichobadilika, kwenye jedwali lake. Nazipanga salamu kwa `date_bin('15 minutes', wakati, ...)`, iliyoingia kwenye PostgreSQL toleo la 14. Robo zote zikiwa na salamu na hakuna grupu, siku inaandikwa 0. Robo zikikosekana, siku inabaki tupu na karatasi inaandika "haijulikani".

Kuna na hili: umeme ukikatika mtaani, mara nyingine mnara wa simu nao unalala, na kijisanduku kinatunza mistari na kuituma mtandao ukirudi. Mstari wa Jumamosi unaingia Jumapili. Nimeongeza safu `imepokelewa`, ila makundi yote yanapangwa kwa `wakati`, yaani pale jambo lilipotokea. `imepokelewa` inanisaidia kujua tu kama siku fulani bado inaweza kubadilika.

Jumanne

Moyo wa mradi. Jumla ya saa za vinu si saa za grupu.

Kinu cha bluu kimetumia grupu 18:00 hadi 22:00, cha kijani 20:00 hadi 23:00. Ukijumlisha kwa kinu unapata 4 na 3, jumla 7. Grupu yenyewe imenguruma saa 5. Ukigawa bili kwa uwiano wa 4 kwa 3, unamlipisha mmoja kana kwamba saa alizosaga na mwenzake zilikuwa ghali sawa na saa alizosaga peke yake. Nililiweka swali hili mbele ya wenye vinu kabla ya kuandika ulizo, na jibu lao lilikuwa wazi: wakiwa wawili, saa moja ni nusu kwa nusu; akiwa mmoja, saa ni yake yote.

Kwa hesabu hiyo: 18:00 hadi 20:00 bluu peke yake, saa 2. Kati ya 20:00 na 22:00 wote wawili, saa 1 kila mmoja. Kati ya 22:00 na 23:00 kijani peke yake. Bluu 3, kijani 2, jumla 5. Inalingana na grupu.

Hifadhidata inalifanya hivyo ukiipa kila mpaka kama kisu. Kila mwanzo na kila mwisho wa kipindi chochote unakuwa mkato, na kati ya mikato miwili hakuna kinachobadilika:

```sql
WITH g AS (
  SELECT * FROM vipindi
  WHERE hali = 'grupu' AND mwisho IS NOT NULL
),
mipaka AS (
  SELECT mwanzo AS t FROM g
  UNION
  SELECT mwisho FROM g
),
vipande AS (
  SELECT t AS a, lead(t) OVER (ORDER BY t) AS b FROM mipaka
),
waliopo AS (
  SELECT p.a, p.b, g.kinu,
         count(*) OVER (PARTITION BY p.a) AS wangapi
  FROM vipande p
  JOIN g ON g.mwanzo < p.b AND g.mwisho > p.a
)
SELECT kinu,
       sum(extract(epoch FROM b - a) / wangapi) / 3600 AS saa
FROM waliopo
GROUP BY kinu;
```

`UNION` tupu, bila `ALL`, ili mipaka inayofanana iwe mmoja. Mota zao ni za nguvu moja, kwa hiyo `count(*)` inatosha. Mmoja akibadili mota, mahali pa hesabu ya vichwa panakaa uwiano wa nguvu, `nguvu / sum(nguvu) OVER (PARTITION BY p.a)`, na mengine yanabaki.

Mchana huu nimeona kitu kilichonifurahisha sana. Mpaka wa 06:00 ni mkato mwingine tu. Mpaka wa mwezi ni mkato. Ukiviongeza kwenye `mipaka`, hakuna kipande kinachovuka siku wala mwezi, na ulizo la Alhamisi halihitajiki tena: kila kipande kina siku moja, mwezi mmoja na watumiaji wake wanaojulikana. Kupanga makundi kunabaki kuwa `GROUP BY` ya kawaida juu ya vipande vilivyokwisha kukatwa.

Jumanne, usiku

Kuhusu `extract(epoch ...)` hapo juu, maana nimeulizwa. Toa `timestamptz` moja kwenye nyingine na zikiwa zimeachana saa 31 na dakika 20, PostgreSQL inakuandikia `1 day 07:20:00`. Ukisema `extract(hour ...)` unapata 7, kwa kuwa inasoma sehemu ya saa tu na kuiacha siku. Sekunde zote kwa `epoch`, kisha kugawa kwa 3600, ndiyo njia isiyodondosha kitu.

Alhamisi

Bei ya mazutu haikai mwezi mzima. Wamezoea kuchukua bei ya kwanza na ya mwisho na kutafuta katikati yake. Tuseme saa 40 ziliendeshwa lita ikiwa faranga 3.000, na saa 10 ikiwa 4.000, matumizi ya lita kwa saa yakiwa yale yale. Katikati ya bei ni 3.500, lakini bei waliyolipa kwa kweli ni 3.200. Mabadiliko ya bei yameingia kwenye `mipaka` pia. Kila kipande sasa kina bei moja, na kuzidisha kunafanyika kwenye kipande kabla ya jumla.

Haraka haraka kuhusu wiki, kwa sababu mwenye kinu chekundu anataka ripoti ya wiki: `date_trunc('week', ...)` inaanza Jumatatu, kwa kanuni ya ISO (viwango vya kimataifa), na inawafaa. Nisichokitumia ni `extract(year)` pamoja na `extract(week)`. Tarehe 30 Desemba 2024 ni wiki ya 1 ya 2025, na mchanganyiko ule unaiandika wiki ya 1 ya 2024, ikijumlishwa na Januari ya 2024 hiyo hiyo. Penye wiki, mwaka ni `isoyear`. Vilevile `extract(month)` bila mwaka inamwaga Machi zote kwenye kapu moja.

Kasi haijasumbua. Fahirisi iko kwenye `(kinu, wakati)`, na sharti la tarehe linagusa safu yenyewe, `wakati >= ... AND wakati < ...`, si `date_trunc('day', wakati) = ...`, ambayo ingeilazimisha hifadhidata kukokotoa kila mstari kwanza. Mwezi ukishafungwa, vipande vyake vinaandikwa kwenye jedwali la kudumu na havihesabiwi upya.

Ijumaa

Uhakiki. Grupu ina mita yake ya saa, kidirisha kidogo pembeni ya swichi. Nimesoma tarakimu pamoja na wenye vinu wote watatu wakiwa wamesimama hapo, nikalinganisha na jumla ya mgawo, na pia na muungano wa vipindi vyote kwa `range_agg`, ambayo inaunganisha vipindi vinavyopandana bila kuvihesabu mara mbili. Mgawo na muungano vinalingana. Mita iko juu kidogo.

Msagaji wa usiku ndiye aliyelieleza: grupu huwashwa mapema ili taa ziwake na watu wachaji simu, mahindi yanafuata baadaye. Muda huo hakuna kinu kinachosaga, kwa hiyo hakuna kijisanduku kinachousema. Wamekubaliana pale pale kwamba tofauti ya mita ni ya wote, theluthi kwa theluthi, na itakuwa na mstari wake kwenye bili. Siku za "haijulikani" za kinu chekundu zitatolewa kwenye daftari la zamu, saa kwa saa, na kuingizwa kwenye `matukio` zikiwa na alama ya kuonyesha kwamba zimeandikwa kwa mkono.

Wiki ijayo: kijisanduku cha nne, cha grupu yenyewe, ili muda wa taa nao uwe na mwanzo na mwisho.